Moshi Waweza Kufuliwa, Lakini Nani Atalipa Kuni?

Juzi tulikuwa Kurasini, katika kibanda cha mama ntilie kilicho karibu na Barabara ya Kilwa, mahali wanapokula wafanyakazi wa bandari na wa matangi ya mafuta wakati wa mapumziko ya mchana. Kijana mmoja, kibarua wa kupakua mizigo, alikuwa amesikia redioni ya kwamba huko Ulaya wana dawa ya kusafisha moshi wa viwanda. Akamgeukia mzee aliyekaa karibu naye, fundi mitambo aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi, akasema: "Shikamoo mzee wangu. Hivi moshi nao hufuliwa kama nguo?"

Mzee akaitikia marahaba, akacheka, kisha akajibu: "Hufuliwa, mwanangu. Lakini kwanza uniambie kuni za kuchemshia maji atanunua nani, na uchafu ukishatoka utamwagwa wapi."

Watu wote kibandani walicheka. Sisi tuliondoka pale tukiwaza, kwa kuwa tuliona ya kwamba mzee yule amekwisha kusema kwa maneno machache jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa vitabu vizima. Jambo hilo lawahusu wafanyakazi wa Kurasini, wa Wazo Hill, wa Kinyerezi na wa kila mahali penye bomba la moshi. Kwa hiyo twaona yafaa tulieleze leo kwa kirefu kidogo, ili siku litakapoletwa mezani tusiwe watu wa kuitikia tu.

HEWA NDANI YA HEWA

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Weusi tunaouona ukitoka katika bomba la lori bovu ni masizi, na masizi yaweza kuzuiwa kwa chujio. Lakini ndani ya moshi mna hewa nyingine isiyoonekana kwa macho wala kunuswa kwa pua, nayo ni hewa ya ukaa. Hutoka kila mahali panapoungua kuni, mkaa, dizeli au gesi. Hutoka hata katika pumzi zetu. Mimea yote huishi kwayo. Ubaya wake ni wingi. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza huko Ulaya, katika kila sehemu milioni moja za hewa ya dunia, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Hewa hiyo huifunika dunia kama blanketi, joto likakosa njia ya kutoka, na sisi watu wa pwani tumo miongoni mwa wanaoyaona matokeo yake mapema, bahari inapopanda na mvua zinapokosa majira.

Hewa ya ukaa haizuiliki kwa chujio, kwa kuwa ni hewa ndani ya hewa. Njia iliyotumika zaidi ya kuitenga ni kuuosha moshi kwa maji ya dawa yenye kuipenda hewa hiyo. Dawa huifyonza hewa ya ukaa, na hewa nyingine hupita zikaenda zake. Wataalamu huiita dawa hiyo kiyeyushi. Baadaye kiyeyushi hulazimishwa kuiachia hewa ile mahali pengine, ndani ya chombo kilichofungwa, nacho kikarudi kazini. Kwa maneno mengine, kazi yake ni mbili: kushika, na kuachia. Twamwomba msomaji ayaweke maneno hayo mawili moyoni, maana habari yote iliyobaki yasimama juu yake.

MWALIMU WETU NI CHUPA YA SODA

Mwalimu wa kwanza wa somo hili yumo katika kila duka la Temeke. Kiwandani, hewa ya ukaa husukumwa kwa nguvu ndani ya maji baridi ya soda, kisha chupa ikafungwa. Ukiifungua husikia mlio, na mapovu hupanda. Ukiiacha juani, mapovu huongezeka na baada ya muda soda hupooza. Hapo tumejifunza ya kwamba maji hushika hewa ya ukaa yakiwa baridi na yakiwa yamebanwa, nayo huiachia yakipata joto na yakifunguliwa.

Hewa ya namna hiyo twachimba wenyewe hapa nchini. Huko Rungwe, mkoani Mbeya, hewa ya ukaa hutoka ardhini katika nchi ya volkano, na kampuni ya TOL Gases huitega na kuiuza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1950, na mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hiyo kuijua hewa ya ukaa, kuisafisha, kuibana na kuisafirisha si mambo mageni kwa mikono ya Mtanzania.

Tena si lazima kwenda Ulaya kuona mtambo unaoiosha hewa hiyo kwa maji. Upo hapa jirani, katika Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Ziwa hilo laweza kufananishwa na chupa kubwa ya soda. Katika vilindi vyake zimo kilometa za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa, na 60 hivi za methani, yaani gesi ile iwakayo. Uzito wa maji yaliyo juu ndio unaozibana zisitoke. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 gesi ya ziwa hilo ilivutwa Rubavu, ikawasha moto katika kiwanda cha bia cha Bralirwa huko Gisenyi. Mwaka 2016 ukafunguliwa mtambo mkubwa zaidi, KivuWatt, karibu na Kibuye, wenye uwezo wa megawati 26.

Kazi yake ni hii. Bomba huteremshwa hadi kilindini, kiasi cha mita 350. Maji yakipanda, mbano hupungua na mapovu hutoka, kama chupa iliyofunguliwa. Lakini mapovu hayo yana methani na hewa ya ukaa pamoja, na hewa ya ukaa haiwaki. Kwa hiyo gesi hupitishwa katika minara ya kuoshea. Maji humiminwa kutoka juu, gesi hupanda kutoka chini. Maji huipenda hewa ya ukaa kuliko methani mara nyingi, hivyo huichukua na kushuka nayo, na methani hubaki kwa ajili ya umeme. Hapo kiyeyushi ni maji matupu ya ziwa, na nguvu ya kuachia gesi kutoka kilindini yatokana na kina cha ziwa lenyewe.

Mtu aweza kuuliza: mbona basi tusiuoshe moshi wa Kinyerezi au wa Wazo Hill kwa maji ya bahari? Sababu ni kwamba moshi si kama gesi ya Kivu. Katika moshi wa mitambo ya umeme ya gesi asilia, hewa ya ukaa ni sehemu tatu au nne tu katika mia. Tena moshi hautoki ukiwa umebanwa. Maji matupu yangeshika kidogo mno, ikatakiwa karibu mto mzima kwa bomba moja. Hapa ndipo maji yanapohitaji kutiwa dawa.

CHOKAA, MAGADI NA AMINI

Hewa ya ukaa ikiingia majini huwa tindikali hafifu. Kila kilicho kinyume cha tindikali, yaani alkali, huivuta. Watu wa pwani wameijua alkali moja tangu zamani sana, nayo ni chokaa. Tangu Kilwa hadi Kunduchi wazee walichoma matumbawe juu ya magogo. Moto uliifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa ndani ya jiwe, ikabaki chokaa. Chokaa ikichanganywa na maji na kupakwa ukutani, pole pole huirudisha hewa ile kutoka angani na kuwa jiwe tena. Kuta za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani zimeishikilia hewa hiyo kwa karne nyingi.

Chokaa basi ni mshikaji hodari kweli kweli. Taabu yake ni kwamba hataki kuachia. Kumlazimisha hutaka moto wa nyuzi 900 hivi. Maji matupu hushika kwa udhaifu, na chokaa hushika kama mwenye deni lake. Kiwanda chataka kitu kilicho katikati.

Magadi ni mojawapo. Magadi yaliyoyeyushwa majini huifyonza hewa ya ukaa yakageuka bikaboneti, kitu kile kile kinachouzwa dukani kwa ajili ya kuumulia maandazi. Bikaboneti ikipata moto huiachia hewa ile, na ndiyo maana andazi hufura. Ndugu yake magadi, kaboneti ya potasiamu, huyeyuka kwa wingi zaidi, na katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Marekani, Benson na Field, waliitengenezea utaratibu wa kusafishia gesi viwandani ambao watumika hata leo. Sisi tunao utajiri wa magadi katika Ziwa Natron na katika bonde la Engaruka. Twajua ya kwamba magadi hushika pole pole na si dawa ya haraka, lakini haifai nchi yenye magadi mengi namna hiyo isiwe na vijana wanaoyachunguza kwa kazi hii.

Dawa iliyotumika zaidi, hata hivyo, ni jamii ya amini. Hizi ni ndugu za amonia, nazo zina harufu inayoikaribia. Mmarekani R. R. Bottoms alipewa hataza ya kuzitumia mwaka 1930, na kwa miaka mingi zimekuwa zikisafisha gesi asilia katika nchi mbalimbali. Mtambo wake una minara miwili. Katika mnara wa kwanza, moshi uliopozwa hupanda, na maji yenye amini hunyesha kutoka juu, katika joto la nyuzi 40 hivi. Amini hukamata hewa ya ukaa. Maji hayo, yakiwa yameshiba, husukumwa hadi mnara wa pili, na huko huchemshwa kwa mvuke hadi kufikia nyuzi 120 hivi. Amini huachia, hewa ya ukaa hutoka juu ikiwa safi, na maji hupozwa yakarudi mnara wa kwanza. Dawa ni ile ile, huzunguka usiku na mchana kama ndoo za kisimani.

HESABU YA KUNI

Sasa tumefika kwenye neno la mzee wa Kurasini. Mnara wa kwanza hauna gharama kubwa ya moto, kwa kuwa kushika huja kwa hiari. Gharama iko katika mnara wa pili. Kwa dawa ya amini ya kawaida, tani moja ya hewa ya ukaa hutaka joto lipatalo uniti 1,000, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU, ingawa hapa ni uniti za joto wala si za umeme. Dawa mpya zilizotengenezwa katika miaka hii zimepunguza hesabu hiyo, baadhi yake hadi kukaribia 700. Ni maendeleo, lakini si bure.

Tuliweke jambo hili karibu na nyumbani. Kituo kizuri cha umeme wa gesi hutoa tani moja ya hewa ya ukaa kwa kila uniti 2,500 hivi za umeme. Kikitaka kuufua moshi wake wote, hukata mvuke wake na kuupeleka katika mnara wa pili, kisha hutumia umeme kuibana hewa iliyokamatwa. Kwa jumla hupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya umeme wake. Katika nchi ambayo vijiji na mitaa bado yasubiri umeme wa kutosha, sehemu hiyo ni taa za shule, ni majokofu ya dawa za zahanati, ni mashine za kusaga. Mtu akija kwetu na kusema, "Jengeni minara", bila kutaja nani analipa mvuke, huyo ametusomea nusu ya barua.

Na hapa haki yataka isemwe. Mtanzania mmoja kwa wastani hatoi hata nusu tani ya hewa hiyo kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa. Wastani wa dunia wakaribia tani tano, na Mmarekani mmoja hupita tani 13. Blanketi lililoifunika dunia halikufumwa Temeke. Aliyelifuma ndiye apaswaye kutangulia kulifumua, na kutangulia kulipa.

Lakini tusijifiche nyuma ya hoja hiyo, hata kama ni ya kweli. Yako mabomba ambayo hayatakwisha moshi kwa kubadili umeme. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, laweza kupunguza gesi tunayochoma kwa ajili ya taa. Halitapunguza hewa inayotoka katika jiwe la saruji. Kama chokaa ya wazee, saruji hutengenezwa kwa kuichoma mawe yenye hewa ya ukaa ndani yake. Zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka katika jiwe lenyewe, hata ukichochea kwa moto ulio safi namna gani. Kiwanda cha Wazo Hill kilichoanza kazi mwaka 1966 kimelijenga jiji hili, nasi hatutaacha kujenga.

Ndiyo maana twatazama kwa makini habari za Brevik, nchini Norway. Mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha huko kilizindua minara ya amini ya kukamata tani 400,000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya hewa ya ukaa ya kiwanda hicho. Mwenye kiwanda ni Heidelberg Materials, kampuni ile ile ambayo kwa miaka mingi imekuwa na hisa nyingi kuliko wengine katika Wazo Hill. Na kuni walizipata wapi? Hutumia joto la tanuri lililokuwa likipotea bure. Lakini tusisahau upande wa pili: sehemu kubwa ya gharama za kazi ile ililipwa na serikali ya Norway, serikali tajiri. Kwa hiyo siku mwenye Wazo Hill atakapoulizwa juu ya moshi, hawezi kusema hajui kazi hii. Swali litakuwa moja tu, la nani abebe gharama, na hilo yafaa liulizwe mapema, kabla bei ya mfuko wa saruji haijalijibu.

Jirani zetu wa Kenya nao wamelitafakari swali la kuni. Kampuni changa ya Octavia Carbon, iliyoanza mwaka 2022, hukamata hewa ya ukaa kutoka katika upepo wenyewe kwa kutumia amini zilizoshikizwa katika vitu vigumu badala ya maji. Imechagua Bonde la Ufa, upande wa Gilgil, kwa kuwa huko kuna joto la ardhi. Nasi tuna joto hilo. Ngozi, huko Mbeya, imekuwa ikichunguzwa kwa ajili hiyo, si mbali na Rungwe tunakochimba hewa yenyewe.

UCHAFU UTAMWAGWA WAPI?

Limebaki swali la pili la mzee, nalo lina sehemu tatu.

Ya kwanza ni hewa yenyewe. Ikikwisha kukamatwa, huenda wapi? Yuko atakayesema iuzwe kwa viwanda vya soda. Biashara hiyo si mbaya, lakini tusidanganyane: siku chupa itakapofunguliwa pale kibandani, hewa yote itarudi angani. Kukamata namna hiyo ni kuazima, si kuzika. Hewa ya Brevik hugeuzwa kimiminika, hupakiwa melini, kisha husukumwa chini ya bahari, katika mwamba ulioko mita 2,600 chini ya sakafu yake. Sisi tuna miamba iliyotunza gesi ya Songo Songo kwa muda usiohesabika, na gesi hiyo tuliigundua mwaka 1974. Siku visima vitakapokwisha, nani atakayekuwa na elimu ya kusema kama miamba ile yafaa kupokea hewa ya ukaa, na kwa bei gani? Yafaa awe kijana wetu mwenyewe.

Ya pili ni dawa iliyochakaa. Amini haidumu milele. Oksijeni na moto huiharibu pole pole, nayo hula chuma cha mabomba. Ikimgusa mtu huunguza ngozi na macho. Baadhi ya mabaki yake, yaitwayo nitrosamini, hushukiwa kuleta saratani, na wakuu wa Norway walitaka jambo hilo lichunguzwe kabla ya kuruhusu mitambo mikubwa. Mabaki hayo hapana budi yachomwe au yatunzwe kwa utaratibu. Watu wa Kurasini wanaujua mkondo wa Mtoni, wenye mikoko, unaopokea maji ya mito ya Kizinga na Mzinga. Mikoko ile nayo hukamata hewa ya ukaa kila siku, bila mvuke na bila hataza. Ingekuwa aibu kuu kuiua mikoko kwa mabaki ya dawa iliyoletwa ili kufanya kazi ile ile.

Ya tatu ni uhai wa mfanyakazi. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kiasi cha mara moja na nusu. Hutulia mashimoni na katika vyumba vya chini. Ndugu zetu wa Goma wana neno lake: huziita mazuku zile hewa zilalazo katika mabonde madogo zikaua mbuzi, na wakati mwingine mtoto aliyekwenda kumtafuta mbuzi. Mwaka 1986, katika Ziwa Nyos nchini Kameruni, hewa hiyo ilifumuka usiku ikaua watu wapatao 1,700. Mabaharia nao wanajua. Katika meli nyingi chumba cha injini huzimiwa moto kwa hewa ya ukaa, na king'ora hulia kwanza ili watu watoke, kwa kuwa hewa ile haichagui kati ya moto na fundi.

Twayasema haya kwa Kurasini kwa makusudi. Mwaka 2025 meli ya gesi ya Norway, Clipper Eris, ilianza safari ikiwa imefungwa mtambo wa amini wa kuosha moshi wa injini yake yenyewe na kuihifadhi hewa ya ukaa melini. Iwapo meli za namna hiyo zitaongezeka, zitatafuta bandari za kuteremshia mzigo huo, kama leo zinavyotafuta mahali pa kuteremshia mafuta machafu. Kurasini ina gati la mafuta, ina matangi, ina watu waliozoea mabomba na mbano. Yaweza kuwa kazi mpya kwa vijana. Yaweza pia kuwa hatari mpya, ikiwa mtu atapewa mpira wa kuunganisha bila kuambiwa kilichomo.

MANENO YETU

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatuikatai elimu hii. Mwenye kuikataa kwa sababu yatoka mbali, huyo angekataa pia gari la moshi na sindano ya hospitali. Lakini hatuinunui tukiwa tumefumba macho. Kila atakayetuletea minara, tumwulize joto la kuachilia hewa latoka wapi, nani analilipa, na umeme wa nani utapungua. Tumwulize hewa iliyokamatwa yazikwa wapi, au yauzwa tu irudi angani. Tumwulize dawa iliyochakaa yapelekwa wapi, na mfanyakazi analindwa kwa kitu gani. Asiyeweza kujibu haya kwa lugha ambayo kibarua ataielewa, hajawa tayari kupewa kiwanja.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Vyuo vyetu vya ufundi na vikuu vifundishe kazi hii sasa, wakati bado si ya haraka. Magadi ya Engaruka yachunguzwe pamoja na kuuzwa. Vyama vya wafanyakazi viandike mapema kanuni za usalama wa hewa ya ukaa na amini mahali pa kazi, visingoje ajali ije kuziandika. 

Kijana yule wa Kurasini alimaliza chakula chake, akaagana na mzee, akarudi kwenye mizigo kabla kengele haijalia. Hatukupata nafasi ya kumjibu. Twamjibu leo: ndiyo, ndugu, moshi hufuliwa, kwa maji, kwa magadi au kwa amini, na kazi hiyo imejulikana kwa karibu miaka mia moja. Ukisikia tena redioni watu wakiisifu dawa kwa namna inavyokamata, waulize inavyoachia. Mzee wako atakueleza kwa nini.